Nani Atamwuliza Mzee wa Uso Mwekundu

Kisangani, 13 Februari 1967

Yaya Hadidja, dada yangu mkubwa,

Kwa idhini ya wakubwa wote waliobaki mjini, na mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao mbuzi, natangaza rasmi kwamba mlango wa nyuma wa duka lenu umegonga. Uligonga jana baada ya adhuhuri, ukagonga tena alasiri, na hakuna aliyeuona mkono wa mgongaji. Tangazo limekwisha.

Sasa nikusalimie kama mtu aliyelelewa. Hujambo wewe? Hajambo shemeji Arthur? Na baba mkwe wako, Mzee Lau, kifua chake kimeizoea hiyo Kinshasa yenu? Sisi tunapumua. Mama anakula, anasali na analalamika, kwa mpangilio huo. Kila meli ikipiga honi ananiuliza kama imekuleta. Namwambia, Mama, hiyo imeleta chumvi. Ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeagiza chumvi badala yako.

Umeuliza kuhusu mwaka mpya wa Kichina wa wakwe zako. Bon. Siku ile nilifunika cherehani mapema nikaenda na ufunguo. Nikafagia duka, kazi nyepesi kwa kuwa duka halina kitu. Unakumbuka: waasi walimwita Mzee Lau kamaradi, mwenzao wa mapinduzi, wakachukua sardini, kisha askari wa serikali wakaja, wakamshuku kwa nini aliitwa kamaradi, wakachukua sabuni. Nyinyi mkapanda ndege ile ya Novemba 1964, mimi nikabaki mlinzi wa hewa.

Lakini chumba cha nyuma, kile hekalu lao, ni kizima. Mzee wa Uso Mwekundu, ile sanamu yao, bado amesimama na ndevu zake na lile panga refu. Wezi hawakumgusa. Nadhani walimwona wakafikiri ni mwenzao mwenye cheo. Nilimpangusa, nikamfukizia udi, ambao ni uleule wa maulidi yetu. Anayeunusa ndiye tofauti. Machungwa niliyompa ni ya Banalia, ya kijani. Vile vibao vyake viwili vya kumwulizia mambo, vyenye mgongo wa mviringo na tumbo bapa, bado viko miguuni pake, pale nilipoviweka mwenyewe mwaka ule wa wezi, nilipovikuta sakafuni karibu na mlango nikipanga vitu.

Fataki hakuna. Kuna kizuizi cha askari kwenye njia ya daraja la Tshopo, na mtu anayelipua fataki karibu na askari husherehekea mara moja tu. Watoto wa mtaa walikuja hivyo hivyo kuuliza mikate ya ufuta. Niliwapa machungwa ya mungu, baada ya kumpa nafasi ya kuyatazama. Nikakumbuka zamani, zile familia za Wachina zilipokuwa zote hapa: karatasi nyekundu kutoka dukani mpaka kwa fundi baiskeli, Mzee Lau akiwasha ule mkufu wa fataki, Mama akiziba masikio huku akicheka, na mbwa wote wa Mangobo wakitafuta njia ya kuhamia ng'ambo.

Kuhusu ule mlango, mtaa unasema ni mababu wa Kichina. Zacharie, sentineli wenu, mlinzi wa duka, ambaye ni Mprotestanti wa Isangi, anasema si mababu, ni upepo. Ila anayasema hayo akiwa amesimama mbali. Mlipokuwepo mlango huo haukuwa na tabia hiyo.

Mudogo yako,
Hemedi


Kinshasa, 20 Machi 1967

Mudogo wangu Hemedi,

Salamu zako zilifika pamoja na mbuzi wako. Sisi ni wazima, isipokuwa joto. Arthur amepata kazi kwa Mgiriki mmoja, anauza misumari. Mimi napika makayabu, samaki wa chumvi, ambayo samaki mwenyewe angeyakataa. Mshike Mama miguu kwa niaba yangu.

Soma sasa bila mzaha. Baba mkwe anataka kurudi nyumbani. Anaamka anasema maji ya hapa hayana ladha, jua linatoka upande usio wake. Lile koti ulilomshonea, lenye mfuko wa ndani, limening'inia msumarini tangu tulipofika. Halivai. Anasema atalivaa siku ya kurudi. Nikamwambia, alors Baba, turudi. Akasema hawezi kwenda popote bila kumwuliza Mzee wa Uso Mwekundu. Siku ya kuondoka alimwuliza, akakubaliwa; na siku ya kurudi lazima aulizwe. Na Mzee yuko Kisangani. Na mwenye ufunguo ni wewe.

Ni hivi. Unasimama mbele yake, unataja jina la Lau, unauliza kwa mdomo: Je, arudi? Kisha unavishika vibao kwa mikono miwili, unaviachia vianguke. Kimoja kikilala tumbo juu na kingine mgongo juu, amekubali. Vyote viwili mgongo juu, amekataa. Vyote viwili tumbo juu, anacheka. Maana yake hujauliza vizuri, uliza tena. Akubali mara tatu mfululizo, ndipo jibu ni jibu.

Arthur hamwachi baba yake. Mimi simwachi Arthur. Kwa hiyo, mudogo wangu, kama nitamwona Mama tena ama sitamwona, jambo hilo liko mikononi mwako, au tuseme liko sakafuni.

Yaya yako,
Hadidja


Kisangani, 25 Aprili 1967

Yaya,

Nimeshika miguu ya Mama kama ulivyoagiza. Aliniuliza nimepoteza nini huko chini. Hajambo. Mimi pia sijambo, ila dini zimenikamata kooni.

Nilimwendea mwalimu wa msikiti, nikamweleza kwa upole. Akasema, "Hemedi, kufagia nyumba ya mkwe ni wema. Kuzungumza na sanamu ni shirki."

"Na nikizungumza peke yangu, naye akawa yuko pale anasikia?"

"Toka hapa."

Nikatoka. Nikamwendea Zacharie, kwa kuwa yeye haswali kwetu.

"Papa Hemedi," akasema, "pasta alitukataza. Hata kumuangalia ule muzee mwekundu iko zambi."

"Lakini unamwangalia kila siku."

"Namuangalia kwa kazi. Kuuliza haiko mu kazi yangu."

Kisha akafikiri, akasema mbuzi hana dini, tungeweza kufunga vibao mkiani mwake. Nikamwuliza na swali nani atalitamka. Akasema hilo hakuwa amelifikia.

Donc, yaya, hali ndiyo hiyo. Katika mji huu, uliobatizwa na kutahiriwa, ulioonja waasi, makomando na wamisionari, hakuna hata mtu mmoja ambaye imani yake inamruhusu kuangusha vipande viwili vya mti. Kuchoma nyumba ya jirani, walipatikana wengi.

Lakini ngoja. Ijumaa iliyopita nilikuwa nafuta vumbi pale miguuni pake, kitambaa kikavuta, vibao vikaanguka. Vyote viwili tumbo juu. Sikuwa nimeuliza kitu, wallahi. Alicheka mwenyewe, bila kuulizwa, na mlango wa nyuma ukagonga papo hapo. Zacharie alikimbia akaacha rungu. Mwulize Mzee Lau kama kicheko kama hicho kina hesabu yoyote.

Tangu hapo mtaa unapita mbele ya duka kwa adabu. Hata askari wa kizuizini wameacha kuja kuchungulia. Nimewasikia wakiambiana, "Acha ile nyumba, mulango yake inajifunga yenyewe." Sijawapinga.

Mudogo yako,
Hemedi


Kinshasa, 5 Juni 1967

Hemedi,

Hatujambo. Natumaini nanyi.

Barua yako nilimsomea baba mkwe. Arthur alicheka mpaka akakohoa. Baba mkwe hakucheka. Alisema jibu lisilo na swali ni vumbi tu. Akageukia ukutani, na mpaka leo anazungumza na ukuta.

Mudogo, unanichekesha, lakini sicheki. Wewe ulikula mikate ya ufuta ya chumba kile tangu siku nilipoolewa. Ulipoila hukumwuliza mwalimu. Nguo yako ya kwanza kuuza, aliinunua nani? Mzee Lau, koti la sufu katika mji ambao hata mjusi anatafuta kivuli. Alilinunua ili usiaibike.

Mama ana umri gani? Hata yeye hajui. Kila barua yako unaniandikia anakula, anasali, analalamika. Siku moja utaniandikia kwamba ameacha kulalamika, na mimi nitakuwa hapa nakaanga makayabu. Tafuta mtu. Tafuta mdomo mmoja tu.

Hadidja, yaya yako


Kisangani, 9 Agosti 1967

Yaya yangu mpenzi,

Usiogope ukiiona barua hii imekunjwa vibaya. Imesafiri ndani ya sufuria ya mpishi wa ndege, maana posta imefungwa. Tuko hai. Naanza na hilo, na nalirudia: Mama ni mzima, mimi ni mzima, Zacharie ni mzima, nyumba ina tundu moja jipya ambalo linaleta hewa nzuri. Nanyi je? Tulisikia kwamba redio ya huko ilisema mambo makubwa juu yetu. Sisi wenyewe tulikuwa chini ya vitanda, hatukuona vizuri.

Umeshasikia kwamba mamluki, wale Wazungu wa bunduki waliokuja kututetea, wameigeukia serikali iliyowaleta. Ilianza alfajiri moja ya mwezi wa saba. Mimi niliposikia milio nilijitupa sakafuni, nikatambaa mpaka chumba cha Mama. Kitanda kilikuwa kitupu. Liputa yake ya sikukuu, ile kanga anayojifunga, haikuwa msumarini.

Nilijua mara moja. Mama hakusikia bunduki. Alisikia fataki. Kwa masikio yake, katika maisha yake yote, milio ya kufuatana hivyo alfajiri maana yake ni moja: wakwe wanafungua mwaka, na binti yake yuko mlangoni anagawa mikate. Mwezi wa saba, mwezi wa pili, kwake yote ni mamoja. Sikukuu za Wachina anasema hazina kalenda. Akavaa, akajipaka mafuta, akatoka.

Sikusimulii njia. Nilipita nyuma ya nyumba, nikiwa nimejikunja kama cherehani. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda ndani ya chumba cha Mzee wa Uso Mwekundu, mkoba magotini, kama mtu aliyefika karamuni kabla ya wenyeji. Zacharie alikuwa chini ya meza. Ndiye aliyemfungulia, kwa ufunguo wa pili niliomwachia wa usiku.

"Iko wapi mutoto yangu?" akaniuliza.

"Mama, hizo si fataki. Ni masasi."

Akasikiliza. Nikaona uso wake unaelewa polepole, na si masasi yaliyomuuma. Akasema, "Kumbe mutoto yangu hakuya."

Nikasema lisilo na maana: kwamba ungeweza kuja, ila lazima kwanza Mzee huyu aulizwe, na hakuna anayeruhusiwa kumwuliza. Nikamweleza yote, mwalimu, pasta, mbuzi. Akanitazama kama alivyonitazama nilipovunja chungu cha bibi.

"Na miye mbona hamukuniuliza?"

"Mama, ni shirki."

"Shirki ya nini? Miye siombe mungu ya watu. Uyu ni muzee wa kwa wakwe yangu. Siku Arthur alileta posa, Lau alimuuliza uyu mbele yangu, na uyu alikubali, ndiyo yaya yako akaolewa. Mukwe anauliza mukwe. Iko adabu. Na mwalimu yako iko wapi sasa?"

Mwalimu alikuwa chini ya kitanda chake, yaya, kama mji wote.

Akasimama, akajifunga liputa upya, akamwamkia Mzee kama anavyomwamkia mzee yeyote, akampa pole ya vumbi na kelele. Kisha akauliza, kwa sauti ya sokoni kwa sababu nje palikuwa na fujo: "Muzee, Lau anataka kurudi. Mutoto yangu anataka kurudi. Warudi ao wabakie?" Akaachia vibao.

Kimoja tumbo, kimoja mgongo. Amekubali.

Akaachia tena. Vyote tumbo juu. Mama akamnyooshea kidole. "Usicheke. Miye haiko mutoto ya juzi."

Akaanza upya. Amekubali. Amekubali. Na mara ya tatu, yaya, vilipogusa sakafu mlango wa nyuma uligonga kwa nguvu hata vumbi likatoka darini. Amekubali. Zacharie akasema amina chini ya meza. Ameniomba nisikuandikie hilo.

Mimi sikuuliza kitu. Niliokota tu vibao kila vilipoanguka, kwa sababu Mama mgongo unamuuma.

Tulikaa pale mpaka kelele zikahamia uwanja wa ndege. Hakuna aliyetuingilia. Duka la Mgiriki upande huu lilivunjwa, la Mreno upande ule pia. Lenu wanaume wenye bunduki walilifikia, mlango ukawapigia mara moja, wakapita. Niliwaona kwa tundu la ufunguo. Sasa hata mimi, fundi cherehani nisiyeamini nisichoweza kukipima kwa futi, nimeanza kuubishia hodi mlango ule kabla ya kuingia.

Mweleze Mzee Lau kila kitu kama kilivyo, pamoja na kile kicheko cha katikati. Akikataa, sina mdomo mwingine wa kumtafutia.

Mudogo yako,
Hemedi


Kinshasa, 18 Novemba 1967

Mudogo wangu,

Sufuria ilichelewa, lakini ilifika. Sisi wazima. Nililia kwanza, kisha nikasoma tena, nikacheka pale pa Zacharie.

Baba mkwe alitaka nimsomee mara nne. Alimwuliza Arthur kama Mama aliachia kwa mikono miwili. Nikasema barua haisemi, lakini namjua Mama, hashiki kitu kwa mkono mmoja. Akakaa. Akasema, "Ameuliza vizuri kuliko mimi." Kisha akageuka kutoka ukutani, akaomba chai.

Arthur ameaga kwa yule Mgiriki. Tunangoja meli, zile za kwanza zote ni za jeshi. Tunataka tufike kabla ya mwaka wao mpya. Mwambie Mama asije bandarini kila honi. Mwambie nitakapofika, mimi mwenyewe nitamjia.

Yaya yako


Bumba, 21 Januari 1968

Hemedi mudogo wangu,

Habari za huko? Za hapa ni mchanga. Maji yamepungua, meli imekaa juu ya fungu karibu na Bumba, tunangoja ivutwe. Barua hii nampa dereva wa lori anayepita Buta na Banalia, huenda akakutangulizia. Wote wazima. Arthur ana rangi ya kamba aliyechemshwa. Baba mkwe anakula vizuri.

Kuna jambo, na ni vema ulisome ukiwa umekaa.

Siku tulipopanda meli baba mkwe alivaa koti lako, kama alivyoahidi. Kifungo kwa kifungo, katika jua lile, watu wakidhani ni mgonjwa. Tulipopita Lisala mvua ikatupiga, akaingiza mkono katika ule mfuko wa ndani ulioshona wewe. Akautoa umeshika vibao viwili vya mianzi, vyeusi kwa mafuta ya mikono, vile baba yake alivyokuja navyo kutoka kisiwa cha Morisi. Vibao vya Mzee wa Uso Mwekundu. Siku ile ya ndege alikuwa ameuliza, nje wanapiga masasi, akavitia mfukoni akasahau. Miaka mitatu vilikuwa kwenye msumari wetu.

Siku nzima alivigeuzageuza mkononi. Jioni Arthur akamwuliza, "Baba, basi tushuke hapa turudi Kinshasa?" Akatazama mto. Akasema meli haigeuki kabla ya Kisangani. Kisha akacheka, Hemedi, alicheka mpaka nahodha akaja kuangalia. Alisema mama yetu angeuliza hata kwa vijiko viwili, Mzee asingethubutu kumkatalia.

Mama usimwambie. Zacharie usimwambie. Mwalimu mwambie ukipenda.

Najua unachouliza sasa, kwamba vile alivyorusha Mama ni nini. Baba mkwe amekuomba uvitoe miguuni pa Mzee kabla hatujafika, uvirudishe mahali pake. Ni mguu wa kigoda kilichovunjika. Aliupasua katikati mwenyewe, akatengeneza kabari mbili za kuingiza chini ya mlango wa nyuma, kwa sababu usipouzuia unagonga.

Yaya yako,
Hadidja